Kurudi Malindi na gari kutoka Uingereza: roro au kontena, na tarehe zinazomtega mtu

BintiMaweni (Malindi)

Asalaam aleikum wanajukwaa. Kaka yangu anahama Leicester, anarudi nyumbani Malindi moja kwa moja baada ya miaka 6. Ana Honda CR-V ya petroli, usukani kulia, iliyosajiliwa mara ya kwanza Oktoba 2019. Aliinunua Agosti 2025 kwa mkopo na bado ana malipo ya miezi 7.

Mpango wake ni kupanda ndege mwishoni mwa Novemba mwaka huu wa 2026, gari lipakiwe nyuma yake mwanzo wa Disemba. Ameambiwa mwenye kurudi nyumbani ana siku 90 tangu kufika, kwa hivyo haoni haraka. Katika miaka miwili hii amekuja Malindi mara mbili: wiki 7 za harusi mwaka jana, na wiki 5 za Ramadhani mwaka huu.

Ninayotaka kujua: je, msamaha wa ushuru anaupata? Apakie kwa roro (meli ambayo magari huingia na kutoka yakiendeshwa) au achukue kontena atie na vyombo vya nyumba? Na gari la Uingereza lina tabu gani likifika huku kwetu? Anayejua kwa uhakika anijibu, maana kila mtu wa Barani Sokoni ana jibu lake.

---

Wakala_Kilindini (Mombasa)

Waaleikum salaam dada. Mwambie kaka asikate tikiti bado. Gari hilo likipakiwa Disemba litafika Mombasa 2027, na 2027 haliingii Kenya hata kwa dua.

Kanuni ni KS 1515, kiwango cha Kenya cha magari yanayoingizwa. Gari lililotumika lisizidi miaka 8 tangu kusajiliwa mara ya kwanza, na KEBS (shirika la viwango la Kenya) wanahesabu kwa mwaka wa kalenda. Mwaka 2025 waliruhusu yaliyosajiliwa kuanzia 1 Januari 2018, mwaka huu ni kuanzia 1 Januari 2019, na hesabu hiyohiyo inafanya 2027 kuwa ya 2020 kwenda mbele. Inayotazamwa ni siku gari linapofika bandarini, wala si siku lilipopakiwa. Gari la Oktoba 2019 mwisho wake ni 31 Disemba 2026. Hizo siku 90 alizoambiwa ni za msamaha wa ushuru tu, hazina nguvu juu ya umri wa gari. Likiteremka tarehe 3 Januari ni mali iliyokatazwa: hurudishwa lilikotoka au huharibiwa, na gharama zote ni za mwenyewe. Aangalie pia mwaka wa kuundwa. Tofauti kati ya kuundwa na kusajiliwa isizidi mwaka mmoja.

Sasa safari yenyewe. Southampton hadi Mombasa weka wiki 5 hadi 8, kwa sababu gari huenda likashushwa bandari ya katikati na kusubiri meli nyingine. Tangu mwisho wa 2023 meli nyingi zimekuwa zikizunguka Rasi ya Tumaini Jema badala ya kupita Suez, na hapo siku zinaongezeka. Gari liwe yadini mwisho wa Septemba, lipande meli ya mwanzo wa Oktoba. Yeye aruke mwanzo wa Novemba. Hivyo muhuri wa kuingia utakuwa tayari kwenye pasipoti gari likitia mguu Kilindini. Gari likimtangulia mwenyewe linakaa tu likila ada ya hifadhi, kwani maombi ya msamaha hayaendi bila muhuri huo. Siku 90 zinahesabiwa tangu yeye kufika. Kamishna anaweza kuziongeza, lakini zote pamoja zisipite 360.

Masharti ya msamaha wenyewe: awe ametimiza miaka 18, awe ameishi nje miaka miwili au zaidi, na gari liwe lake au la mkewe, limemilikiwa na kutumiwa huko nje miezi 12 bila kuhesabu muda wa melini. Ziara za nyumbani ndani ya miaka hiyo miwili zisifike siku 90 kwa jumla. Wiki 7 na wiki 5 ni siku 84. Amebakiwa na kijinafasi cha kidole. Achukue pasipoti ahesabu mihuri mmoja mmoja asitegemee kumbukumbu, maana "wiki 7" za mdomoni mara nyingi ni siku 52 kwenye karatasi. Na asije tena kabla ya kuhama.

Mkopo ndio unaonitia wasiwasi zaidi. Logbuku ya Uingereza, ile V5C, inamtaja mtunzaji wa gari tu, na imeandikwa waziwazi kwamba si ushahidi wa umiliki. Gari la mkopo kwa kawaida ni mali ya mkopeshaji mpaka senti ya mwisho, na kulitoa nchini bila idhini yao ni kuvunja mkataba. Alipe deni lote kabla ya Septemba na apewe barua ya kumaliza. Aambatishe pia mkataba unaoonyesha Agosti 2025, afisa asije akaanza kuhesabu miezi 12 kutoka siku deni lilipoisha.

Karatasi za kuja nazo mkononi, si ndani ya gari: pasipoti mpya na zile za zamani, V5C asili, risiti ya kununulia, bima ya gari ya mwaka mzima kwa jina lake, vyeti vya MOT, ukaguzi wa kila mwaka wa gari kule (vina kilomita, au tuseme maili, kwa hivyo vinathibitisha gari lilitumika), barua ya mwajiri, mkataba wa nyumba na bili za huko, na PIN ya KRA (mamlaka ya mapato ya Kenya). Kwenye V5C kuna sehemu ya kuarifu kwamba gari linatolewa nchini moja kwa moja. Aijaze, aikate, aitume DVLA (idara ya usajili wa magari kule) Swansea, na kipande kikubwa kinachobaki akitunze kama mboni ya jicho. Kabla ya kutuma apige picha pande zote mbili. Bila ushahidi kwamba gari limefutwa kwenye daftari la kule, huku usajili unakwama.

Kwa anayedhani msamaha ni jambo dogo, hii hapa hesabu ya gari la cc zaidi ya 1500 lenye thamani ya forodha shilingi 1,000,000. Ushuru wa kuingiza 35% ni 350,000. Ushuru wa bidhaa 25% juu ya 1,350,000 ni 337,500. VAT 16% juu ya 1,687,500 ni 270,000. Jumla 957,500, na bado hujagusa ada ya IDF (fomu ya tamko la kuingiza mzigo) 2.5% na tozo ya reli 2%. Na hiyo thamani haitoki kwenye risiti yako. KRA wana jedwali lao la bei za magari mapya, wanapunguza kwa umri.

---

Sitaha_ya_Tatu (Malindi)

Wakala amemaliza ya forodha. Mimi nitajibu la roro na kontena.

Roro hutozwa kwa ujazo: urefu mara upana mara kimo. CR-V ni kama mita 4.6 kwa 1.85 kwa 1.7, yaani mita za ujazo 14 na nusu hivi. Kama ana sanduku la mizigo juu ya paa, alivue. Sentimita 15 za kimo zinaongeza zaidi ya mita moja ya ujazo, na hapo unalipia hewa.

Gari la roro linaendeshwa na watu wa bandari kuingia na kutoka melini, pengine mara nne likibadilisha meli. Liwe linawaka kwa ufunguo mara ya kwanza, breki ya mkono ishike, mafuta robo tangi au chini yake, king'ora kizimwe. Ufunguo mmoja uende na gari, wa pili abaki nao mfukoni. Betri ya zamani abadilishe kabla. Magari ya siku hizi yananyonya umeme hata yakiwa yamezimwa, na baada ya wiki sita betri iliyochoka inakuwa imekufa. Gari lisilowaka linavutwa, na kuvutwa kunalipiwa. Ndani kusiachwe kitu. Kampuni nyingi za roro hazikubali mzigo binafsi garini, na hata ukipenya, bima haiulipi. Vinavyotoweka ni vilevile siku zote: jeki, spana ya magurudumu, mikeka, tairi la akiba.

Kontena la futi 20 lina urefu wa ndani mita 5.9 na upana 2.35. Toa upana wa gari, inabaki nusu mita, sentimita 25 kila upande. Hapa ndipo watu hucheka kisha wakanuna: mlango hauwezi kufunguka mtu mzima akatoka. Kwa hivyo gari huingizwa kinyumenyume ili boneti ielekee mlango wa kontena. Dereva anateremsha kioo, anatoka dirishani, anapita juu ya boneti amevua viatu. Boneti ikiwa mbele, mtu anaweza kuifungua na kuchomoa waya hasi wa betri. Likiingizwa kwa pua, betri iko gizani na hakuna wa kuifikia. Kioo hicho kilichobaki wazi kizibwe kwa nailoni, kwani bila betri hakipandi tena.

Kufunga ni kazi ya nusu saa inayofanywa kwa dakika tano, na ndiyo inayoharibu magari. Sakafu ya kontena ni ya mbao, inapokea msumari. Kila gurudumu liwekewe kipande cha mbao cha sentimita 10 kwa 10 mbele na nyuma, vyote vipigiliwe. Mikanda ya kukaza ipite kwenye magurudumu yenyewe. Ukiifunga kwenye bodi, gari linabonyea kwa springi zake kila meli ikiyumba, mkanda unalegea, na kuanzia hapo bampa inagonga ukuta wa chuma mpaka Mombasa.

Nyuma ya gari inabaki mita 1.3 hivi. Masanduku yanatangulia mwisho wa kontena, kisha ukuta wa mbao za plaiwudi wenye miimo, ndipo gari. Usitegemee kamba pekee. Kila sanduku lina namba, na orodha inataja kilichomo. "Vitu vya nyumbani" si maelezo, ni mwaliko wa kufunguliwa kila kitu. Tia mifuko ya kunyonya unyevu. Kontena linatoka jasho darini likivuka kutoka baridi kuingia joto, na viti vya kitambaa hufika na ukungu. Gari lililonyeshewa mvua lisipakiwe kabla ya kukauka hata chini ya mikeka.

Kwa mtazamo wangu: kama ni gari peke yake, roro. Kontena lina maana tu ikiwa vyombo ni vingi, maana utalipa pia kulifungua, kulisafirisha tupu, na faini ya kila siku likichelewa kurudishwa. Siku za bure ziulizwe kabla ya kulipa nauli, kwa maandishi.

Bima ya baharini: tangu 2017 sheria inataka inunuliwe kwa kampuni ya Kenya. Soma aina yake. Ya hasara ya jumla inakulipa meli ikizama, mlango uliokwaruzwa haina habari nao. Siku ya kukabidhi gari apige picha pande zote, paa, kila rimu, na dashibodi ikionyesha maili, kisha karatasi ya yadi isainiwe na mpokeaji.

---

FundiMwembe (Malindi)

Mlipofika tabu za gari lenyewe niruhusuni.

Uingereza humwaga chumvi barabarani kila majira ya baridi. Gari linang'aa juu, chini linaliwa. Kabla ya kulipa chochote, kaka aliinue, achukue nyundo ndogo agonge chini ya milango, kwenye mihimili inayoshika mikono ya gurudumu la nyuma, na pale bomba za breki zinapopita. Chuma kizima hulia tii. Kilichooza kinatoa sauti ya debe la uji na vumbi la kahawia linadondoka. Kutu ya namna hiyo, na mivujo ya oili, kioo cha mbele kilichopasuka, matairi yaliyoisha na taa zisizolingana, ndiyo mambo yanayomkwamisha mtu kwenye ukaguzi wa kabla ya kusafirisha. Ukaguzi huo unafanywa hukohuko Uingereza na kampuni iliyoteuliwa na KEBS, kabla ya gari kufika yadini. Likikataliwa linatengenezwa na kurudishwa, kwa hivyo aweke miadi mwezi mzima mbele.

Kosa ninaloliona sana ni mtu kupaka lami nyeusi juu ya kutu ili lipendeze. Lami inafungia maji ndani. Kaka aoshe chini kwa maji ya presha, aache likauke siku mbili tatu, akwangue, apake dawa ya kuzuia kutu, halafu nta ya kupulizia ndani ya mashimo ya chasisi. Upepo wa bahari wa Malindi utaendelea pale chumvi ya Leicester ilipoishia.

Matairi: pembeni kuna tarakimu nne mwishoni mwa msimbo unaoanza na herufi DOT. 3519 ni wiki ya 35 ya 2019. Tairi la miaka saba lenye kashata nzuri bado ni tairi la miaka saba, na barabara ya huku mchana haina huruma. Kama ni matairi ya baridi, ayauze kulekule. Mpira wake ni laini, huku unaisha kama sabuni.

Taa hazina shida, Uingereza na Kenya zote zinaendesha kushoto. Mita inasoma maili, azoee: 50 za maili ni kilomita 80. Rejeta ibadilishwe maji yake yote wala asiongeze ya bomba. Gesi ya AC ijazwe kabla hajaondoka. Huko hakuihitaji, hapa atailia Januari.

Bahati yake ni petroli. Wenye dizeli za karibuni wajue chujio la masizi kwenye ekzosi linahitaji mwendo mrefu wa kasi ili lijichome. Gari la kwenda sokoni na kurudi Shela kila siku linaliziba. Na lenye tangi la AdBlue (maji ya dawa ya kusafisha moshi wa dizeli) likikaukiwa linakataa kuwaka kabisa, kwa hivyo dumu moja liwe nyumbani siku zote.

---

BintiMaweni (Malindi)

Allah awalipe. Deni analimaliza mwezi ujao na tikiti imesogezwa, roro imeamuliwa. Amehesabu mihuri: siku 86. Swali la mwisho, gari likishuka Mombasa ni hatua gani mpaka lifike Malindi? Anataka kuja kulichukua siku hiyohiyo.

---

Wakala_Kilindini (Mombasa)

86 inapita, lakini asije tena mpaka siku ya kuhama.

Siku hiyohiyo asahau. IDF inaombwa kwenye mfumo wa KenTrade mapema, gari likiwa bado baharini. Wakala anaingiza tamko kwenye mfumo wa forodha, maombi ya msamaha yanaambatishwa na pasipoti. Meli ikishusha, gari linapelekwa kwenye yadi, afisa analikagua: anasoma namba ya chasisi kwenye chuma chenyewe na kulinganisha na V5C, BL (hati ya shehena ya kampuni ya meli) na cheti cha ukaguzi. Herufi moja ikikosewa kwenye BL, kila kitu kinasimama mpaka kampuni ya meli irekebishe, na ada ya hifadhi haisimami. Kwa hivyo BL ikitoka tu, bado ikiwa rasimu, atumiwe kwa simu aisome herufi na tarakimu 17 zote za namba ya chasisi kwa sauti, mtu wa pili akiwa amesimama mbele ya gari. Hilo peke yake linaokoa wiki.

Baadaye kuna hati ya kutolea ya ajenti wa meli, malipo ya bandari, kuachiliwa na forodha, usajili wa NTSA (mamlaka ya usafiri wa barabarani) kupitia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, namba, bima ya barabarani, ndipo lango. Jina kwenye usajili liwe lake mwenyewe. Asije akasajili kwa jina la shemeji kwa kuwa yupo Mombasa, maana msamaha ni wa mtu. Gari likiuzwa au kuhamishiwa asiye na haki hiyo, ushuru ule wote unadaiwa. Mombasa hadi Malindi ni kilomita 120 hivi, aje na pampu ya mkono. Matairi yaliyokaa melini miezi miwili hufika yamelegea.

---

MwanaMokowe (Lamu)

Samahani kudandia. Shangazi yangu yuko Muscat miaka 9, gari lake usukani kushoto. Anataka kurudi Amu. Haiwezekani kulileta moja kwa moja bandari ya Lamu? Na usukani ule?

---

Wakala_Kilindini (Mombasa)

Usukani kushoto halisajiliwi Kenya kwa mtu binafsi. Lakini kwa anayerudi nyumbani kuna njia: aliuze kulekule, atunze mkataba wa kuuza na ushahidi kwamba alilimiliki miezi 12, kisha anunue la usukani kulia lenye thamani sawa au pungufu aliingize kwa msamaha. Kanuni ya miaka 8 inabaki vilevile. Auze kwanza, anunue baadaye, tarehe zifuatane, la sivyo inaonekana ana magari mawili.

Bandari ya Lamu, gati yake ya kwanza ilifunguliwa Mei 2021, kazi yake kubwa ni kupokezana shehena kati ya meli na meli. Gari lake atalipokea Mombasa. Na mwambie shangazi mapema kwamba Amu kisiwani halina pa kupita, atalilaza Mokowe, upande wa bara. Atafute mahali penye paa na mlinzi mbali na gati, na turubai linalopumua, maana la nailoni likifungia unyevu wa bahari linaozesha gari kuliko jua.